Vazi la kipunji kwa maganda ya mgomba na neti ya vitunguu

Ujumbe wa mwalimu uliingia kwenye kundi la wazazi usiku, tukiwa tumeshalala: Siku ya Mtoto wa Afrika, tarehe 16 Juni, darasa la mwanangu litaigiza wanyama wa hifadhi zetu, na mavazi ni juu ya mzazi. Chini yake kulikuwa na orodha. Mtoto wa jirani kapewa twiga, mwingine pundamilia, mwingine chui. Wa kwangu kapangiwa kipunji, yule nyani wa Mlima Rungwe.

Nilifurahi, halafu nikaanza kufikiria. Twiga, chui na pundamilia wana vitambaa vyao madukani, unanunua mita moja na nusu unampelekea fundi, kazi imekwisha. Kitambaa cha kipunji hakipo popote. Fundi niliyemfuata hapa Tukuyu mjini alinisikiliza huku akiendelea kukanyaga cherehani, akasema ataagiza manyoya ya bandia Mbeya, jumla shilingi elfu 60, nusu nitangulize. Elfu 60 kwa nguo ya asubuhi moja! Nilipomuuliza kama anamjua kipunji mwenyewe, akajibu kwamba nyani ni nyani. Hapo ndipo nilipoamua kazi hii nitaifanya mwenyewe. Mtu anayeishi chini ya Mlima Rungwe hawezi kuniambia nyani ni nyani, akataka na pesa ya kutanguliza.

Nilipita pia duka moja la vifaa vya sherehe. Walikuwa na kinyago kimoja cha plastiki, sokwe mweusi mwenye meno nje, kinanuka rangi mpaka macho yanawasha. Sikukigusa.

Nawaambia kwa nini jambo hili lilinikaa rohoni. Kipunji ni wetu. Wawindaji na wazee wa vijiji vinavyopakana na msitu walikuwa wakimtaja tangu zamani, lakini watafiti walimwona kwa mara ya kwanza mwaka 2003 hapa Mlima Rungwe, wakamtangaza duniani 2005, na 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, yaani jina la mlima wetu limo ndani ya jina lake la kisayansi. Anaishi Rungwe, misitu ya Livingstone upande wa Kitulo, na kipande cha msitu kule Udzungwa. Basi. Duniani kote hayupo kwingine, na hesabu iliyotangazwa 2008 ilikuta takriban 1,100 tu. Watoto wetu wanamchora simba ambaye hawajawahi kumwona, na huyu wa mlimani kwao hawamjui. Kwa hiyo nikataka mwanangu akitoka mbele, mtu aseme kipunji, asiseme tumbili.

Sasa vifaa. Msingi wa vazi ni sweta la mtumba la mikono mirefu, rangi ya kahawia au kijivu, na suruali ya kubana ya rangi hiyohiyo. Nendeni sokoni jioni wauzaji wanapofunga mizigo, bei inashuka yenyewe. Ila mjihadhari na wale wanaokwambia "hii ni daraja la kwanza" huku kwapa limetatuka. Mimi huingiza mkono ndani ya kila sweta na kulinyanyua kwenye mwanga kabla sijataja bei. Kukata, kupima mtoto, na kushonea juu ya sweta neti nitakayoieleza mbele, hayo mnayajua.

Manyoya ndiyo habari yenyewe. Huku kwetu Bagamoyo ya Tukuyu kila ua una migomba, na kila mgomba una yale maganda makavu yanayoning'inia kwenye shina. Rangi yake ni ileile ya kipunji: kahawia iliyochanganyika na kijivu, mahali pengine imefifia, mahali pengine imekolea. Hakuna kiwanda kitakachokupa mchanganyiko huo. Wengi wakitaka nyuzi za mgomba wanakata shina bichi, wanachana, wanaanika. Mwezi wa sita kwetu jua linatoka saa tano na ukungu unarudi saa tisa, hivyo ganda bichi linakaa na maji siku nyingi, linaota madoa meusi, na likija kukauka limejikunja. Chukueni ganda lililokaukia kwenye shina lenyewe. Mgomba umeshafanya kazi ya kuanika.

Tatizo la ganda kavu ni kwamba linavunjika. Ukilichana hivyohivyo unapata vumbi na vipande vya urefu wa kidole. Dawa yake nilifundishwa na mama mkwe, ambaye amesuka kata na mikeka ya migomba tangu usichana wake, na ndiyo sababu kubwa ya mimi kuandika makala hii. Ganda haliloweshwi. Ukilitumbukiza kwenye ndoo linakunywa maji, linalegea na kuteleza, halichaniki sawasawa. Unalaza. Chukua kanga kuukuu, ichovye majini, ikamue kwa nguvu mpaka isidondoshe hata tone. Itandaze, panga maganda juu yake kwa urefu, yasipandane sana, kisha viringisha kama mkeka na ufunge ncha zote mbili. Weka mahali pa baridi, usiku kucha. Asubuhi ganda linakunjika bila kutoa sauti. Mama mkwe hulijaribu hivyo: analikunja karibu na sikio. Likilia, anarudisha. Likinyamaza, anaanza kazi.

Hapo unatoa ganda moja moja, mengine yabaki ndani ya kanga, maana upepo wa jikoni unayakausha haraka. Bana ncha moja chini ya kidole gumba cha mguu, kisha pitisha chanuo la chuma kutoka juu kwenda chini, taratibu mara ya kwanza, kwa nguvu mara ya pili. Chanuo la plastiki litakatika meno. Ganda linachanika kuwa nyuzi nyembamba, zenye mng'ao upande wa ndani, na zile laini kabisa za katikati ziwekeni pembeni kwa ajili ya kichwa. Mwanangu alizishika akasema ni nywele za mzee. Ni kweli, zinafanana.

Watu wanapobandika nyuzi hizi kwa gundi nawaonea huruma. Nimeshaona vazi la namna hiyo shuleni likipukutika mtoto akiwa bado kwenye foleni. Hata uji mzito wa unga wa ngano, ambao kwa kazi za karatasi naupenda kuliko gundi yoyote ya dukani, kwenye baridi yetu haukauki vizuri na unaota ukungu. Funga, usibandike. Na pa kufungia ni neti ya vitunguu, ile mifuko ya wavu mwekundu ambayo wauza vitunguu wanaitupa au wanakuuzia kwa shilingi mia mbili ukiomba vizuri. Kunja nyuzi kadhaa katikati, penyeza lile kunjo kwenye tundu la neti, ingiza ncha ndani ya kitanzi, vuta. Fundo linajikaza lenyewe, na mtoto akivutwa linazidi kukaza. Anzeni safu ya chini kabisa, kiunoni, mpande kuelekea mabegani, kama mtu anavyoezeka nyumba kwa nyasi. Ukianzia juu, kila safu mpya inaacha wekundu wa neti nje, na hapo unaanza kufumua.

Nilikusudia kueleza mikono na miguu kwa mpangilio, lakini ni fundo lilelile, basi twende kwenye mambo yanayomtambulisha mnyama. Tumbo la kipunji na ncha ya mkia wake ni vyeupevyeupe. Nilifumua kiroba cheupe cha mbolea kilichooshwa vizuri kwa sabuni na maji ya moto. Nyuzi zake zinatoka ndefu, nyeupe, hazikatiki. Kaka yake mtoto ndiye aliyefumua, na kiroba kimoja kilitosha tumbo, mkia na hata ndevu za mashavuni. Mkia ni waya wa chuma uliozungushiwa vitambaa, umeshonewa kwenye mkanda wa kiunoni ili uzito usivute suruali.

Halafu kichwa. Kipunji ana kishungi cha manyoya kilichosimama utosini, na mtu akikosea hapo amekosea yote. Nilichukua kofia ya kufuma, nikafunga zile nyuzi laini katikati ya utosi tu, nikazipaka uji mwembamba wa muhogo na kuzisimamisha kwa kuzifunga kwenye kijiti mpaka zikauke juu ya dari la jikoni, mbali na moto. Zilikauka wima. Moshi uliacha harufu kidogo, nikazitoa nje kwenye jua la adhuhuri ikapungua.

Usoni nilisaga mkaa laini, nikachanganya na mafuta ya kupaka. Kope pia zipakwe nyeusi, kwa juu, mtoto akiwa amefumba macho. Hii wengi hawaijui: wapo nyani wa jamii za karibu wenye kope nyeupe zinazoonekana kwa mbali, lakini za kipunji ni nyeusi kama uso wake. Watafiti walilitumia jambo hilo kumtofautisha.

Asubuhi ya sherehe mama mmoja pale getini alinitazama, akauliza kwa sauti kama mtoto amevishwa takataka za shambani. Nilimsalimia tu nikapita. Ilipofika zamu ya darasa letu, twiga wakapita, chui wakapita, kisha akatoka wangu, mkia juu, anabweka ule mlio mzito aliokuwa akiufanyia mazoezi nyuma ya banda la ng'ombe mpaka majirani wakalalamika. Mzee mmoja aliyekuja kumsindikiza mjukuu wake kutoka Isongole, kule msituni, alisimama kwenye kiti akapaza sauti: "Kipunji huyo! Tazama kishungi!" Akawageukia watu wa nyuma yake kuwaeleza kipunji anakula nini na analala wapi. Mwalimu akamwachia kipaza sauti. Aliongea vizuri kuliko kitabu chochote, na mwanangu akasimama palepale akizungukwa kama mgeni rasmi. Nililia, na sioni haya kusema.

  

Wazazi watatu wameshaniomba kuliazima vazi hilo. Naliazima, kwa sharti kwamba halifuliwi. Linakung'utwa na kuanikwa kivulini, maana jua kali linarudisha ule ukavu wa kuvunjika. Likianza kulia likikunjwa, litandikieni kanga yenye unyevu usiku mmoja. Na msilitundike karibu na zizi. Mbuzi wa jirani alishafika kwenye mkono wa kushoto, nikafunga safu mbili upya.