Dondoo muhimu: Gati la nyumba ya ziwani

Una nyumba kando ya Ziwa Victoria, upande wa Tanzania? Zingatia haya:

• Kibali kwanza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Waone NEMC, baraza la taifa la mazingira, kabla ya kununua mbao.

• Pima kina maji yakiwa yamepungua, boti isije ikakwama.

• Chagua aina ya gati ukikumbuka kuwa maji hupanda: mwaka 2020 ziwa lilifurika hadi kwenye makazi. Gati la kuelea hupanda na kushuka na maji. La nguzo lahitaji sakafu imara ya ziwa.

• Chunguza upepo. Epuka pembe ambako upepo hujaza magugumaji.

• Shukia kwenye boti moja kwa moja, bila kukanyaga maji. Konokono wa kichocho hupenda maji ya kina kifupi yenye majani.