Kumfundisha Mgeni Kiingereza cha Kutafuta Nyumba

Wakongomani wengi wanaozungumza Kiswahili walifika Marekani kama wakimbizi. Nyumba ya kwanza walitafutiwa na mashirika yaliyowapokea. Ya pili hujitafutia wenyewe. Mwalimu wa Kiingereza anayefundisha watu wazima anajibu maswali ya walimu wenzake.

Nianzie wapi? Nimeandaa orodha ndefu ya maneno.

Orodha iweke kando, leta tangazo lenyewe. Kwa mfano: "2BR/1BA, 1st fl, ht incl, no pets." Waachie wanafunzi walifumbue wawiliwawili: vyumba viwili vya kulala, bafu moja, ghorofa ya kwanza, joto limo ndani ya kodi, wanyama hawaruhusiwi. Kisha simama kwenye hiyo ghorofa. Mtu aliyekulia kwetu atadhani kuna ngazi za kupanda, kumbe kwa Wamarekani ghorofa ya kwanza ndiyo ya chini kabisa. Bibi anayeumwa magoti anaweza kuikataa nyumba inayomfaa. Na joto usilipite haraka. Aliyetoka Bukavu hajawahi kulilipia, na bili ya Januari mjini Chicago inaweza kumlia fedha ya chakula.

Darasani wanazungumza vizuri, lakini kwenye simu wanakwama.

Ndipo penye kazi kubwa. Ana kwa ana, mgeni husaidiwa na mikono na uso wa anayezungumza naye. Simu humnyima vyote viwili. Wakalishe wawili wakipeana mgongo, mmoja awe mwenye nyumba, na umwambie aongee haraka kama wanavyoongea Wamarekani wenyewe. Bei pia itajwe kama inavyotajwa mtaani: dola 1,250 husemwa "twelve fifty", na mwanafunzi aliyezoea kusoma tarakimu kitabuni huisikia kama dola kumi na mbili na senti hamsini.

Afundishwe kuomba arudiwe: "Could you say that again, please?" Halafu, na hili mimi nalishikilia kuliko yote, afundishwe kurudia alichosikia: "So it's twelve fifty a month, and heat is included?" Mwenye nyumba atakubali au atasahihisha, na mpangaji hatakata simu akiwa na mashaka. Wengi huona haya kuuliza mara ya pili, wakidhani ni utovu wa adabu. Waambie wazi kwamba sivyo.

Malipo ya mwanzo nayaelezaje?

Anzia kwenye wanachokijua. Mkongomani anaijua garanti, yaani amana ya nyumba. Aliyepitia Dar es Salaam anajua kulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Marekani kodi kwa kawaida hulipwa kila mwezi, na "security deposit" ni amana anayorudishiwa mpangaji akihama bila deni wala uharibifu. New York, tangu 2019, amana hiyo haizidi kodi ya mwezi mmoja; kila jimbo lina sheria yake. Afundishwe kudai risiti, kupiga picha kuta na sakafu siku ya kuingia, na kutotuma hata senti kabla hajaiona nyumba.

Mwanafunzi wangu ameambiwa watoto hawatakiwi.

Kwa nyumba nyingi hilo ni kinyume cha sheria. Sheria ya Makazi ya Haki ya 1968 ilikataza ubaguzi wa rangi, dini na asili ya mtu. Mwaka 1988 zikaongezwa familia zenye watoto na watu wenye ulemavu. Nyumba zilizotengwa kwa wazee zinaruhusiwa kukataa watoto. Usimfundishe kubishana kwenye simu. Mfundishe kuandika tarehe, jina na maneno aliyoambiwa. Malalamiko hupelekwa Wizara ya Nyumba ya Marekani ndani ya mwaka mmoja, bila malipo.

Na mkataba?

Hataelewa kila kifungu, na haidhuru. Atafute kiasi cha kodi, siku ya kulipa, muda wa mkataba na nani anatengeneza kilichoharibika. Ajue pia kusema: "I'd like to read it at home before I sign."

Ombi langu kwenu walimu: muhula usiishe kabla kila mwanafunzi hajapiga simu moja ya kweli, nanyi mkiwa kando yake.