Mafunzo Sita Niliyopata kwa Tangi la Samaki Sebuleni

Alfajiri moja ya Februari, hapa Dar es Salaam, niliwakuta samaki wangu wa dhahabu wamejazana juu ya maji, midomo wazi, wakihema. Umeme ulikuwa umekatika usiku na pampu ya hewa imenyamaza. Katika samaki 14 waliokuwa kwenye tangi la lita 100, watano walikuwa wamekwisha kufa. Ilinibidi nianze kujifunza upya, na haya ndiyo niliyoyapata.

1. Hewa huingilia juu

Nilidhani mapovu ndiyo yanayowapa samaki oksijeni. Kumbe povu hupanda upesi mno, likaacha oksijeni kidogo tu njiani. Kazi yake kubwa ni kuyapandisha maji ya chini na kuutikisa uso wa tangi, maana hapo ndipo oksijeni inapoingia na kabonidayoksaidi inapotoka. Ndiyo sababu tangi pana lina hewa nzuri kuliko jembamba refu la ujazo uleule.

2. Joto hupunguza oksijeni

Maji ya nyuzi 20 za Selsiasi hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30, hubeba kama 7.5 tu, na wakati huohuo joto humfanya samaki ahitaji oksijeni zaidi. Mimea ya ndani ya tangi nayo hutumia oksijeni usiku kucha bila kuitoa, kwa hiyo alfajiri ndiyo saa ya hatari kubwa. Usizime pampu usiku kwa sababu ya kelele yake.

3. Umeme ukikatika, shika jagi

Nachota maji ya tangi kwa jagi, naliinua shibiri mbili hivi, kisha namimina taratibu kama mtu anayepoza chai. Nafanya hivyo dakika tano, napumzika, narudia mpaka umeme urudi. Pampu yenyewe nimeipandisha kwenye rafu, juu kuliko maji. Ya kwanza niliiweka sakafuni. Ilipozimika, maji yalirudi kwa mpira wake wa hewa yakaiunguza.

4. Chujio lina wakazi wake

Zamani nilifua sifongo la chujio kwa sabuni, bombani, mpaka likawa jeupe. Siku ya tatu maji yakawa kama yaliyooshewa mchele, na samaki wakakataa kula. Nilikuwa nimewaua bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi kuwa nitriti, kisha nitreti, ambayo haina ukali kama hizo mbili. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujijenga katika tangi jipya. Siku hizi nachota maji ya tangi kwenye ndoo, nalikamua sifongo humo mara mbili tatu, nalirudisha likiwa bado na rangi ya kahawia. Sabuni haigusi kitu chochote cha samaki.

5. Badilisha maji kwa robo

Kila Jumamosi navuta robo ya maji kwa mpira, nikiupitisha chini kwenye changarawe, maana kinyesi hulala huko. Maji mapya ya bomba huwa yamekaa kwenye ndoo wazi siku nzima ili klorini itoke na joto lilingane na la tangi. Ukiyabadilisha yote kwa mpigo, samaki hushtuka, na wengine hufa ndani ya maji yanayong'aa.

6. Chakula kilichobaki ni uchafu

Kisicholiwa huoza, na kuoza hula oksijeni na kuzaa amonia. Nawapa kiasi wanachomaliza kwa dakika mbili, basi. Idadi nayo nimeipunguza. Samaki wa dhahabu hukua na huchafua sana, na lita 100 hazikuwatosha wale 14. Sasa ninao watatu, na chujio langu linawamudu.

Ndugu mfugaji, leo kabla hujalala simama mbele ya tangi lako, utazame uso wa maji. Ukiuona umetulia tuli, usisubiri asubuhi. Utikise sasa.