Hasara ya Udanganyifu wa Mnunuzi: Je, Mtumishi Alipe?

Ndugu msomaji, jambo hili hutokea mara kwa mara madukani na katika vituo vya mafuta. Mnunuzi huleta noti ya bandia, au huonyesha katika simu ujumbe wa uongo ya kwamba amekwisha kulipa, kisha huenda zake na mali. Jioni, hesabu ifanywapo, fedha huonekana zimepungua, na tajiri humwambia mtumishi: "Nitakata katika mshahara wako." Je, hiyo ni haki?

Kwanza, yafaa tuufahamu msingi wenyewe. Kurani Tukufu yafundisha katika Sura Al-An'am kwamba nafsi haibebi mzigo wa nafsi nyingine. Mwenye kosa hapa ni yule mdanganyifu. Ikiwa mtumishi hakushirikiana naye wala hakuzembea, kumtoza ni kumtwisha mzigo wa mtu mwingine.

Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu walilieleza jambo hili kwa neno amana. Mali iliyo mkononi mwa mtumishi wa tajiri mmoja ni amana. Ikipotea pasipo yeye kuvuka mpaka wala kuzembea, hadaiwi. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa pia katika Majalla, mkusanyo wa sheria wa dola ya Uthmaniya uliotolewa baina ya mwaka 1869 na 1876. Tena wakashika kanuni ya kwamba apataye faida ndiye abebaye hasara. Siku ya biashara njema tajiri hamgawii mtumishi faida. Basi kwa nini siku ya udanganyifu amgawie hasara?

Pili, tutazame sheria za nchi. Katika Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, yaruhusu kukata mshahara kwa ajili ya hasara kwa masharti haya tu:

1. Hasara iwe imetokea kazini, na kwa kosa la mtumishi mwenyewe.
2. Mwajiri amweleze kwa maandishi sababu ya deni, kiasi chake na jinsi kilivyohesabiwa.
3. Mtumishi apewe nafasi ya kutosha ya kupinga.
4. Deni lisizidi hasara halisi.
5. Makato hayo yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Apataye shilingi 400,000 asikatwe zaidi ya shilingi 100,000.

Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yaruhusu kukata upungufu wa fedha uliotokana na uzembe au kukosa uaminifu kwa mtumishi ambaye mkataba wake wamkabidhi waziwazi kazi ya kupokea, kutunza na kulipa fedha. Waona basi, ndugu msomaji, kwamba sheria zote hizi zauliza swali moja: kosa ni la nani?

Lakini fundisho hili lina upande wa pili. Mtumishi aliyeagizwa kuikagua kila noti kubwa, naye akaipokea bila kuitazama, hawezi kusema kwamba hana kosa. Amana humtaka awe macho. Na hata hapo tajiri asisahau kwamba Sura Al-Baqara yaamuru mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda.

Basi wewe uliye mtumishi, ukidaiwa, usikubali deni usilolielewa. Omba maelezo kwa maandishi na ujibu kwa adabu. Mkishindwa kupatana, katika Tanzania ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Na wewe uliye tajiri, chunguza kabla ya kukata, kwani mshahara ule ni chakula cha watoto wasiokuwapo dukani siku ile.

Mwenyezi Mungu atujalie kutimiza amana na kuepuka dhuluma. Amin.