Somo la Afya: Kidonda cha Ulimi Kisichopona

Hapa kwetu Eastlands, toka Kaloleni hadi Dandora na Kayole, kidonda cha ulimi hakimshtui mtu. Tunasukutua na maji ya chumvi, tunanunua dawa kwa duka la kemia, na mara nyingi kinapona. Lakini kikipita wiki 3 bila kupona, kinaweza kuwa saratani ya ulimi.

Kwa nini mgonjwa mmoja apone na mwenzake afe? Tuangalie sababu kubwa.

1. Wakati wa kugunduliwa. Saratani ikiwa ndogo, tena iko kwa ulimi peke yake, daktari anaweza kuikata yote. Hesabu za Marekani zinaonyesha kwamba kati ya wagonjwa 10 wanaogunduliwa hapo, zaidi ya 8 huwa hai baada ya miaka 5. Ikishafika mbali mwilini, kama mapafuni, wanaobaki ni karibu 4 tu.

2. Kina na shingo. Kidonda kinaweza kuonekana kidogo kwa juu, kumbe kimezama. Kikizama, ugonjwa huingia upesi kwenye matezi ya shingo, na nafasi ya kupona hupungua sana. Uvimbe mgumu shingoni usidharauliwe, hata kama hauumi.

3. Kumaliza matibabu. Baada ya upasuaji wengine huhitaji mionzi, kwa kawaida siku 5 kwa wiki, kwa wiki 6 hivi. Kuruka siku kunaipa saratani nafasi ya kuota tena. Wengi hawaruki kwa uvivu: nauli ya matatu imeisha, koo linauma, chakula hakipiti.

4. Tumbaku na pombe. Sigara, kuberi na chang'aa huleta ugonjwa huu. Tumbaku na pombe zikienda pamoja, hatari huzidi. Anayeendelea kuvuta akitibiwa hupunguza nguvu ya mionzi. Lakini hata asiyevuta huweza kuugua, kwa hiyo asipuuze.

Kikundi kifanye nini?

• Tuangalie pembeni mwa ulimi, ambapo saratani hii hupenda kuanzia. Doa jeupe au jekundu lisiloondoka pia lionyeshwe daktari.

• Mgonjwa aende zahanati mapema. Anaweza kutumwa Hospitali ya Mama Lucy Kibaki au ya Kenyatta. Aulize juu ya kukatwa kipande kidogo cha nyama kipimwe, maana kwa macho tu haithibitishwi.

• Kila mwanachama ajiandikishe SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka 2024, kabla hajaugua.

• Kwa mfuko wa chama tutenge nauli ya mionzi. Tupeane zamu za kumsindikiza mgonjwa na kumpikia uji mzito, kwa sababu anayekonda sana hushindwa kumaliza matibabu.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni nini hutufanya tukae na kidonda miezi mingi?
2. Mwenzetu akianza mionzi Jumatatu ijayo, nani atakwenda naye, na nauli itatoka wapi?