Jiko la Udongo na Moto Wake

Sogeza mkono wako karibu na jiko la bati tupu lenye makaa mekundu, nawe utauondoa upesi. Joto lile lililokuchoma limepotea bure, maana halikupika kitu. Watu wa Thailand walijua dawa yake: ndoo ya bati iliyotiwa ndani udongo wa kufinyanga uliochomwa. Mapema katika miaka ya 1980 mfano huo ulifuatwa nchini Kenya, na mafundi wakatengeneza jiko lenye kiuno chembamba, pana juu na chini. Udongo hukaa sehemu ya juu tu, palipo na makaa. Una matundu ya kudondoshea majivu, na chini mna kidirisha cha kuingizia hewa. Kwa kuwa udongo haupitishi joto upesi kama bati, moto hubaki chini ya chakula, na makaa yatumikayo hupungua kwa theluthi moja, pengine hata nusu.

Atakaye kuchoma samaki au mahindi uani na angoje kwanza makaa yafunikwe na majivu meupe, ndipo aweke wavu wa chuma. Mafuta yakidondoka na kuwaka, asimwage maji! Udongo wenye moto ukipatwa na maji baridi hupasuka. Amsogeze samaki kando, afunge kidirisha, na miali itatulia.

Lakini sifa ya jiko hili ndiyo hatari yake. Halina moshi mwingi, tena hutunza moto muda mrefu. Basi wako watu waliingizao chumbani usiku wa baridi, au mvua inyeshapo. Makaa yoyote yawakayo hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, wala harufu, wala haimkohozi mtu. Hushikana na damu kwa nguvu ipitayo ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, hata damu ikakosa nafasi ya kuichukua oksijeni, nayo ndiyo tuivutayo ili tuishi. Aliye macho huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, na magoti yake hulegea. Aliyelala hasikii lolote, na wengi hawakuamka tena. Dirisha lililofunguliwa kidogo halitoshi, wala makaa yaliyofunikwa na majivu hayajazimika.

Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua mlango wote, ita watu wazima, wala usikawie humo ndani. Atolewe upesi penye hewa safi, kisha apelekwe hospitali, hata akisema amepona. Jiko nalo litolewe, likae uani mpaka udongo upoe kabisa.