Somo: Shauri Katika Mali ya Umma

Bismillahi Rahmani Rahim.

Ndugu zetu Waislamu,

Tumeulizwa darsani: Je, yafaa Muislamu kuhudhuria mikutano ya bajeti, au hayo ni mambo ya siasa yasiyotuhusu? Tumeona bora tulijibu swali hili kwa urefu kidogo, kwani wengi wetu twalalamika kuwa hospitali haina dawa na mifereji haina maji, lakini siku mali inapogawanywa hatuonekani.

Dalili katika dini

Katika Suratu Shura, aya ya 38, Mwenyezi Mungu amewasifu Waumini kwa Sala, kisha kwa kushauriana, kisha kwa kutoa mali. Tazama mpango huo: shauri limekaa baina ya Sala na mali. Basi asemaye kuwa matumizi ya mali ya umma hayaihusu dini, na atwambie aya hii ataiweka wapi.

Na Qadhi Abu Yusuf, katika Kitabul-Kharaj, ametupokelea habari ya ardhi ya Sawad, nchi ya Iraq, ilipofunguliwa zama za Sayyidna Umar (R.A.). Askari walitaka wagawanyiwe ardhi ile. Sayyidna Umar aliona ibaki kuwa ya umma, watu wake watoe kharaji, ipate kuwafaa na watakaokuja baadaye. Sayyidna Bilal na Abdurrahman bin Auf walimpinga waziwazi. Hakuwanyamazisha. Aliwaita watu kumi katika Ansari, watano wa Aus na watano wa Khazraj, akaweka hoja yake mbele yao, mpaka jambo likathibiti. Hapa pana mafundisho mawili: raia ana haki ya kusema juu ya mali, na mtawala, ajapokuwa na rai nyengine, ni juu yake kuleta hoja.

Hali ya nchi yetu

Zamani katika Kenya bajeti ilikuwa siri. Waziri alitoka na mkoba wake mwezi wa Juni, na watu wakasikia bei zilizopanda. Katiba ya mwaka 2010 imeigeuza desturi hiyo. Kifungu cha 201 chataka uwazi na kushirikishwa umma katika mambo ya fedha. Kifungu cha 221 chailazimu kamati ya Bunge kutafuta maoni ya watu juu ya makadirio ya matumizi. Na Kifungu cha 35 champa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.

Kadhalika yatupasa tujue nani ana ufunguo wa mlango gani. Zahanati na hospitali za kaunti, maji, masoko, taka na chekechea ni kazi za kaunti. Polisi na shule za sekondari ni za serikali kuu. Ampelekeaye gavana shitaka la polisi amebisha nyumba isiyokuwa yake.

Wakati wa kusema

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, mpango wa maendeleo wa kaunti hupelekwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha, ambao ndani yake kila idara huwekewa kiwango chake, kufikia tarehe 28 Februari. Na makadirio yenyewe kufikia tarehe 30 Aprili. Basi anayengoja Juni amekuja karamuni sahani zinaoshwa. Atakaye zahanati mtaani kwake na aanze kabla ya Septemba, na arudi kabla ya Februari.

Tena sheria hiyo imeweka baraza la bajeti na uchumi katika kila kaunti, na miongoni mwa wanaostahiki kupendekeza wajumbe ni jumuiya za dini. Je, jumuiya zetu zimemtoa nani? Au twasubiri kuletewa jina?

Shaka na jawabu lake

Atasema mtu: “Twaenda, twasema, wala hatusikizwi.” Shaka hii haikutoka patupu. Mwaka 2024 watu wengi walipeleka maoni yao juu ya Mswada wa Fedha, na bado mambo yakafika tarehe 25 Juni, vijana wakaingia Bungeni na roho zikapotea. Kesho yake Rais akatangaza kuwa hatautia sahihi. Watawala wazingatie: shauri lisilokuwa na masikizi ni mchezo, na mchezo katika amana una hatari.

Lakini udhaifu wa msikizaji haumwondolei shahidi wajibu wa kutoa ushahidi. Neno la mdomo hupeperuka. Barua iliyopigwa muhuri wa kupokewa ni hoja mkononi. Mwaka ukesha, ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutolewa hadharani. Hapo twaweza kuuliza: tuliomba hili, mkaandika hili, mbona fedha zimekwenda kule?

Adabu za shauri

Wako waendao mikutanoni kwa ajili ya nauli na soda, wakatia sahihi wasichokisoma. Wako wamuombeao shemeji kandarasi. Hiyo si shura, ni khiyana. Na wako wanaowazuia wanawake wasiseme, na hali wao ndio wachotao maji na wajifunguao katika hospitali hizo. Aliye na habari ya jambo ndiye astahikiye kuulizwa.

Kazi ya darsa

Kila mtaa uchague watu watatu waaminifu, mmoja wao awe ajua hesabu na mmoja awe mwanamke. Waende kwa mjumbe wa wadi wakaombe nakala ya makadirio ya mwaka huu. Watafute mambo mawili tu: zahanati yetu imewekewa kiasi gani, na maji kiasi gani. Waje nayo darsa ijayo, tuyasome pamoja, kisha tuandike barua moja yenye ombi moja lililo wazi.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie katika wachungao amana, wenye kutawala na wenye kutawaliwa. Amin.